Vyama Viwili, Kazi Moja: Tuviunganishe au Tuviache?

Yafaa kila mmoja awe na daftari na kalamu karibu yake, maana kabla ya kumaliza tutapiga hesabu kidogo. Asiyejua kuandika upesi asiwe na wasiwasi. Mwalimu wenu ataandika tarakimu ubaoni, nanyi mtazifuata polepole.

Leo tutazungumza habari ya vyama viwili vinavyofanya kazi moja mahali pamoja. Tazama hapa Cheyo, katika mji wa Tabora. Si ajabu kukuta katika mtaa mmoja kikundi cha kuweka na kukopa, na nyumba tano mbele yake kikundi kingine cha kuweka na kukopa. Chama cha kuzikana kipo upande huu wa barabara, na kingine kipo upande ule. Hata katika simu utakuta kundi la WhatsApp la majirani wa mtaa, kisha kundi la pili la majirani hao hao. Ndipo siku moja mtu husimama katika mkutano na kusema, "Jamani, kwa nini tuwe wawili? Umoja ni nguvu. Tuungane tuwe kitu kimoja." Watu hupiga makofi. Maneno hayo ni matamu, na ni vigumu kuyapinga bila kuonekana mchoyo au mfitini.

Lakini katika sanduku la kikundi mna fedha ya ada ya mtoto, fedha ya mbolea, na fedha ya sanda. Kwa hiyo jambo hili halifai kuamuliwa kwa makofi. Yafaa liamuliwe kwa akili, na kwa hesabu. Swali letu la leo ni hili: Ni lini yafaa vyama viwili viungane, na ni lini yafaa viachwe kila kimoja peke yake?

MISAFARA YA ZAMANI

Tuanze na historia ya hapa kwetu. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mizigo ilibebwa na wapagazi, na Wanyamwezi walikuwa mashuhuri kwa kazi hiyo. Njia kuu ya misafara ilitoka pwani, Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani hapa Tabora. Hapa iligawanyika. Njia moja ilikwenda Ujiji, kwenye ziwa la Tanganyika, na nyingine ilielekea kaskazini, Karagwe na Buganda.

Kila msafara ulikuwa na kiongozi wake wa njia, aliyeitwa kirangozi. Sasa, kati ya Ugogo na Unyamwezi palikuwa na pori kubwa lililoitwa Mgunda Mkali. Maji yalikuwa haba, chakula hakikupatikana, na wanyang'anyi waliogopwa. Basi misafara midogo ilipenda kungojana na kulivuka pori kwa pamoja, ili wingi wa watu uwe ulinzi wao.

Ndugu wasikilizaji, wale watu waliunganisha nini? Waliunganisha safari katika sehemu ya hatari. Hawakuwa na haja ya kuunganisha mizigo yao. Kila msafara ulibaki na kirangozi wake, na kila mwenye mali alijua mali yake. Walipokwisha kuvuka, kila mmoja alishika njia yake. Tena walijua kwamba watu wengi mno kwenye kisima kidogo huleta taabu nyingine. Penye wengi pana mengi.

Shikeni mfano huo mioyoni, kwa maana tutaurudia. Watu waweza kuwa na umoja bila kuwa chama kimoja.

FAIDA ZA KUUNGANA

Hata hivyo, msije mkafikiri kwamba kuungana ni kubaya. La, kuna faida kubwa, na ushahidi wake upo katika nchi yetu.

Miaka ya 1950 wakulima wa pamba katika nchi ya Ziwa Victoria walikuwa na shida. Mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi, na mizani ilikuwa ya mnunuzi. Mkulima mmoja angeweza kufanya nini? Kidole kimoja hakivunji chawa. Wakulima wakaanza kujiunga katika vyama vya msingi, vyama vya msingi vikajiunga katika vyama vikuu, na mwaka 1955 vyama vikuu vikafanya shirikisho lao, ambalo kwa Kiingereza lilijulikana kwa herufi VFCU. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Bwana Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa waziri. Kwa nguvu ya wingi wao, wakulima walipata kupima pamba yao wenyewe, na hata kuwa na viwanda vyao vya kuichambua.

Hapa mkoani Tabora wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui wanaijua faida hii. Mkulima mwenye marobota machache hawezi kukaa meza moja na kampuni ya kununua tumbaku. Chama chaweza.

Basi faida za kuungana ni hizi. Kwanza, sauti kubwa mbele ya mnunuzi au mkopeshaji. Pili, gharama hupungua: ghala moja badala ya mawili, karani mmoja badala ya wawili. Tatu, viongozi wazuri ni haba, na wachache walio hodari waweza kuhudumia watu wengi zaidi. Nne, chama kilichobaki na wanachama wachache mno, ambacho kila mkutano watu hawatimii, chaweza kupata uhai mpya.

HASARA ZA KUUNGANISHWA

Sasa tutazame upande wa pili. Habari ya vyama vya pamba haikuishia mwaka 1955. Mwaka 1966 Rais aliteua kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika. Kamati ilikuta taabu nyingi: wanachama wengi hawakuwa na elimu ya ushirika, wafanyakazi wenye ujuzi walikuwa haba, na mahali pengine uaminifu ulikuwa mdogo. Baada ya hapo serikali iliingilia kati. Mwaka 1968 vyama vikuu vya nchi ile ya pamba viliunganishwa kuwa chama kikuu kimoja, Nyanza.

Fikirini habari ya mkulima wa kijijini. Hapo kwanza kiongozi wa chama chake kikuu alikuwa mtu wa wilaya yake, tena huenda alimjua kwa sura. Sasa ofisi ilikuwa mbali, na yeye alikuwa mmoja kati ya maelfu na maelfu. Alipoona kosa katika stakabadhi yake, amwendee nani?

Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vilivunjwa kwa amri, na mazao yakanunuliwa na mamlaka za mazao moja kwa moja kutoka vijijini. Vyama vilivyokuwa vimejengwa na wakulima kwa miaka mingi vilitoweka. Je, hilo lilileta faida iliyotazamiwa? Haikupita miaka mingi ikaonekana kwamba wakulima wanavihitaji vyama vyao, na mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha. Hata hivyo sheria ile ilikifanya kijiji kuwa ndicho chama, apende mtu asipende. Mwaka 1991 sheria nyingine ilikuja kutilia nguvu hiari, kwamba chama ni cha watu waliotaka wenyewe kujiunga kwa sababu wanaona faida yake.

Twajifunza nini? Kuunganisha kwa amri, na kuvunja kwa amri, ni ndugu wawili wa tumbo moja. Katika yote mawili mwanachama hakuulizwa. Na mtu asiyeulizwa hujiona mgeni katika chama chake mwenyewe. Haendi mkutanoni, hasomi hesabu, wala haulizi fedha imekwenda wapi. Hapo ndipo wizi hupata nafasi.

KWA NINI VIDOGO VINAFAA

Kuna kazi nyingine ambazo udogo ndio nguvu yake. Tazama kikundi cha kuweka na kukopa. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa watu watatu mbalimbali. Fedha huhesabiwa mbele ya wote. Vikundi vya namna hii vilianza huko Niger, Afrika ya Magharibi, mwaka 1991, vikaenea katika nchi nyingi, na kwa kawaida huwa na watu kati ya 15 na 30. Kwa nini visiwe na watu 200? Kwa sababu dhamana ya mkopo katika kikundi hiki si nyumba wala shamba. Dhamana ni kujuana. Mama fulani akiomba mkopo, wenzake wajua kama biashara yake ya maandazi inakwenda, na wajua kama ana mgonjwa nyumbani. Kikundi kikiwa kikubwa mno, kujuana huko hupotea, na pamoja nako hupotea ile dhamana.

Elimu ya watu wazima yenyewe inatufundisha hivyo. Mwaka 1973 ilifanyika katika Tanzania kampeni kubwa ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Karibu watu milioni 2 walishiriki. Je, walikusanywa uwanjani wasikilize kwa pamoja? Hasha. Walikaa katika vikundi vidogo vidogo, kila kikundi na kiongozi wake na redio yake, wakasikiliza somo moja, kisha wakazungumza wao kwa wao, wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Somo lilikuwa moja, vikundi vilikuwa maelfu. Katika kikundi kidogo hata mtu mwenye haya husema neno lake.

Tena kuna kazi ambazo kuwa wawili kunaleta bidii. Klabu ya Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na ile ambayo leo twaiita Simba ilianza mwaka 1936. Zote mbili ni za mji mmoja, Dar es Salaam, na kazi yao ni moja, mpira wa miguu. Nani angetaka kuziunganisha? Siku hiyo ndiyo siku ambayo mashabiki wangebaki nyumbani.

Na katika mambo ya simu na intaneti mabishano ni hayo hayo. Siku hizi kuna mitandao ya kijamii, mathalani ule uitwao Mastodon ulioanza mwaka 2016, ambayo haina mtambo mmoja wala mwenyewe mmoja. Kila kundi la watu laweza kuwa na mtambo wake na kanuni zake, na mitambo hiyo hupelekeana habari, kama posta ya Tabora na posta ya Kigoma zinavyopelekeana barua. Kwa hiyo hutokea makundi mawili au matatu ya wapenda bustani, kila moja katika mtambo wake. Wengine husema, "Yaunganishwe, ili mazungumzo yasitawanyike na mgeni asipotee." Wengine hujibu, "Tukiwa mahali pamoja tu, siku mtambo ule ukizimwa, sote tumepotea. Tena msimamizi akiwa mkali bila haki, tutakimbilia wapi?" Pande zote mbili zina neno la kweli. Mbegu zote zikiwekwa katika ghala moja hulindwa kwa urahisi, lakini moto ukija huziteketeza zote.

TUPIGE HESABU

Haya, chukueni kalamu. Mfano huu nimeutunga kwa ajili ya somo, wala si habari ya kikundi fulani. Vikundi viwili vya kuweka na kukopa vinataka kuungana.

Kikundi cha Kwanza kina watu 20.
Fedha iliyo sandukuni: shilingi 800,000.
Mikopo iliyo mikononi mwa wanachama: shilingi 400,000.
Jumla: shilingi 1,200,000.
Gawanya kwa 20. Fungu la kila mtu ni shilingi 60,000.

Kikundi cha Pili kina watu 30.
Fedha iliyo sandukuni: shilingi 300,000.
Mikopo iliyo mikononi mwa wanachama: shilingi 1,500,000.
Jumla: shilingi 1,800,000.
Gawanya kwa 30. Fungu la kila mtu ni shilingi 60,000.

Fungu la kila mtu ni sawasawa pande zote mbili. Mtu wa haraka atasema, "Tazama, tumelingana kabisa, tuungane leo hii!" Lakini haraka haraka haina baraka. Uliza kwanza: ile mikopo ya Kikundi cha Pili inalipwa? Tuseme tumefungua daftari lao, tukakuta kwamba katika ile 1,500,000, shilingi 600,000 zimekwisha pita muda wake, na waliokopa wamehama mji. Fedha hiyo imepotea.

Basi toa 600,000 katika 1,800,000. Zinabaki 1,200,000. Gawanya kwa 30. Fungu la kweli la kila mtu katika Kikundi cha Pili ni shilingi 40,000.

Sasa tuviunganishe. Kikundi cha Kwanza 1,200,000, ongeza Kikundi cha Pili 1,200,000, jumla ni 2,400,000. Watu ni 50. Gawanya. Fungu la kila mtu ni shilingi 48,000.

Mwaona? Mwanachama wa Kikundi cha Kwanza aliyelala na shilingi 60,000 ameamka na 48,000. Amepoteza 12,000 bila kuibiwa na mtu. Mwanachama wa Kikundi cha Pili amepata 8,000 asizozifanyia kazi. Huenda watu wa Kikundi cha Kwanza, wakijua hivyo, wakakubali kwa moyo mweupe ili wawasaidie jirani zao. Hilo ni shauri lao. Lakini wakija kujua baadaye, baada ya kuungana, hapo ndipo patakuwa na ugomvi usiokwisha, na chama kipya kitakufa pamoja na vile viwili vya zamani. Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

MFANO WA NYUKI

Mkoa wetu ni nchi ya asali, basi tujifunze kwa nyuki. Wafugaji wanaotumia mizinga ya kisasa ya masanduku wajua kwamba makundi mawili dhaifu ya nyuki yaweza kuunganishwa yakawa kundi moja lenye nguvu. Lakini ukiyachanganya ghafula, nyuki watauana, kwa maana kila kundi lina harufu yake.

Mfugaji mwenye maarifa hufanyaje? Kwanza hukagua kama kuna ugonjwa, kwa kuwa ukiunganisha kundi gonjwa na kundi zima, utapata kundi gonjwa. Pili, huhakikisha kwamba malkia anabaki mmoja tu. Tatu, hutandaza karatasi ya gazeti juu ya sanduku la chini, akaitoboa matundu madogo, kisha akaweka sanduku la pili juu yake. Nyuki wa juu na wa chini huitafuna karatasi ile polepole. Kwa siku chache harufu zao huchanganyika, na karatasi inapokwisha, wamekwisha zoeana.

Ndivyo ilivyo kwa vyama. Ugonjwa ndio madeni na hesabu mbovu: kagueni kwanza. Malkia ndio uongozi: patana mapema nani atakuwa mwenyekiti na nani mweka hazina, maana manahodha wengi chombo huenda mrama. Na gazeti ni muda wa kuzoeana: fanyeni kwanza kazi moja kwa pamoja, kabla ya kuchanganya fedha.

NJIA YA TATU

Watu wengi hufikiri kwamba kuna njia mbili tu, kuungana au kutengana. Lakini ipo ya tatu, ndiyo ile ya misafara ya Mgunda Mkali. Kila chama kibaki na sanduku lake, daftari lake na viongozi wake, ila vishirikiane katika kazi ile inayohitaji wingi. Vikundi viwili vya Cheyo vyaweza kununua mbolea pamoja, kukodi lori moja, au kumwita mwalimu mmoja wa hesabu, kila kikundi kikilipa sehemu yake. Vyama viwili vya kuzikana vyaweza kununua turubai moja na masufuria ya pamoja.

Hili si wazo langu tu. Muungano wa vyama vya ushirika wa dunia, ulioanzishwa London mwaka 1895, ulikutana Manchester, Uingereza, mwaka 1995, ukakubali misingi saba ya ushirika. Msingi wa kwanza ni uanachama wa hiari. Msingi wa sita ni ushirikiano kati ya chama na chama. Angalieni neno hilo. Halikusema vyama vyote viwe kimoja. Lilisema vishirikiane.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA KUAMUA

Mkiwa na vyama viwili, fuateni hatua hizi.

1. Taja shida yenu. Kuunganisha ni dawa ya ugonjwa fulani. Kama shida yenu ni bei ya mbolea, pengine kununua kwa pamoja kunatosha. Kama shida ni mwenyekiti mbaya, kuungana hakutamfanya mwema. Chagueni mwingine.

2. Someni hesabu za pande zote mbili kwa sauti, mbele ya wanachama wote. Asiyejua kusoma asomewe, naye aulize mpaka aelewe.

3. Ulizeni nani atapoteza. Pengine mkutano utakuwa mbali kwa wazee. Pengine kiingilio kitapanda, na walio maskini watashindwa. Pengine chama kimoja ni cha wanawake watupu, nao huko ndiko wanakosema kwa uhuru.

4. Pigeni kura mbalimbali, kila chama katika mkutano wake. Msichanganye kura, kwa maana chama kikubwa kitakimeza kidogo. Chama kimoja kikikataa, basi, mabishano yaishe. Mbaki majirani wema.

5. Fuateni sheria. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inaruhusu vyama kuungana, na inaruhusu pia chama kugawanyika. Wanachama huamua kwa azimio la mkutano mkuu, na Mrajis wa Vyama vya Ushirika huhusika. Mwoneni afisa ushirika wa halmashauri kabla ya kuanza. Vikundi vidogo vya kuweka na kukopa vinahusika na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kwa hivyo afisa maendeleo ya jamii atawaonyesha njia.

6. Andikeni mlango wa kutokea. Katika mapatano yenu iwepo sharti la kuwaonyesha watu jinsi ya kutoka kwa haki kama mambo hayakwenda vizuri. Mtu huingia kwa moyo mkunjufu katika nyumba yenye mlango.

Kama ni makundi ya simu tu, yasiyo na fedha ndani yake, msijisumbue sana. Mtu aweza kukaa katika yote mawili. Kubalianeni tu kwamba tangazo la msiba au la maji litumwe kote kuwili, ili asikose jirani hata mmoja.

Ndugu zangu, nawaachia neno moja la kufikiri. Mtu atakapokuambia, "Tuungane," usimjibu ndiyo wala hapana siku ile ile. Mjibu hivi: "Lete daftari lenu, nasi tulete letu, tukae chini." Akikubali kufungua daftari, mmekwisha piga hatua ya kwanza ya umoja wa kweli, hata kama hamtaungana kamwe. Akikataa, basi umejua jambo ambalo makofi ya mkutano yasingekuambia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Misafara midogo iliungana kwa sababu gani, na ni kitu gani ambacho haikuwa na haja ya kukiunganisha?
2. Katika hesabu yetu, kila mwanachama wa Kikundi cha Kwanza alipoteza kiasi gani? Zidisha kwa watu 20. Kisha zidisha faida ya kila mwanachama wa Kikundi cha Pili kwa watu 30. Je, majibu ni sawa? Kwa nini?
3. Taja vyama viwili vya kazi moja vilivyo karibu na kwako. Ni kazi gani vyaweza kuifanya kwa pamoja bila kuungana?

MANENO YA KUJIFUNZA

Dhamana: kitu kinachomhakikishia mkopeshaji kwamba atalipwa.
Hiari: kufanya jambo kwa kupenda mwenyewe, bila kulazimishwa.
Azimio: jambo lililokatwa na mkutano.
Stakabadhi: karatasi inayoshuhudia kwamba fedha au mali imepokewa.

Hapo ndipo mwisho wa somo letu la leo. Wale ambao hawakumaliza hesabu, waimalize nyumbani, wakisaidiwa na watoto wao wanaosoma, wala hakuna aibu katika hilo. Kwa herini.